Gemu Kumi Bora kwa Mwandiko Wako

Baba,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, kwa sababu ilikuwa inaanza kwa upole na mimi sikuwa na upole wowote. Nimekaa hapa dukani kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya, na daftari lako la gemu liko mezani mbele yangu. Ndiyo, nimelipata. Ulilificha ndani ya kasha la ile televisheni kubwa ya mbao uliyotukataza kuifungua, ukituambia bado ina umeme wa kuua mtu. Televisheni ambayo haijachomekwa ukutani kwa miaka sita! Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, Baba. Ulidhani naamini?

Unanijua. Uliniita Maitu, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yako, na ukasema jina limekuja pamoja na macho yake, yale ya kumtazama mtu mpaka akumbuke kosa lake. Basi macho hayo ndiyo yanayokuandikia leo. Nashuku kila kitu. Chai ikiwa tamu kupita kiasi nashuku. Mteja akinisifu nakagua droo. Nilikushuku wewe miaka mitano mizima, na sasa natakiwa kukueleza nilikushuku nini, na nilifanya nini na hiyo shuku yangu.

Lakini habari kwanza. Tangu uondoke Oktoba, mwaka jana wa tisini na tatu, imepita miezi minane. Duka bado liko wazi. Wateja wanaingia, wananipita kwa macho, wanachungulia nyuma yangu wakitafuta mwanamume. Wiki jana alikuja mzee mmoja na redio, akaniambia atamngoja fundi. Nikamwambia keti. Nikaifungua, nikatengeneza, nikamwekea stesheni anayoipenda, naye bado anatazama mlangoni. Mama yuko nyumbani Mutuini, ng'ombe amezaa, wapangaji wa vile vyumba vipya wanamsumbua kuhusu maji. Kwa nje hajambo. Kwa ndani alikuwa vibaya, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Ilianza na kadi za kazi. Kadi zote za dukani niliandika mimi: jina la mteja, mahali, ubovu, vipuri. Isipokuwa moja. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, ulivuta kadi ukaandika mwenyewe: Lavington. Picha inaruka. Sehemu ya vipuri ukaiacha wazi. Kila Ijumaa, Baba, tangu mwaka wa themanini na nane! Televisheni gani hiyo ya mtaa wa matajiri isiyopona? Wewe ambaye watu walitoka Kangemi na Thika na Machakos kukuletea vitu vilivyoshindikana, unashindwa na picha moja inayoruka?

Halafu kidole. Wewe unashika bisibisi kwa mkono wa kulia, na lehemu kwa mkono wa kulia. Lakini sugu ilikuwa kwenye kidole gumba cha kushoto, katikati kabisa, ngumu kama ya mtu anayepukuchua mahindi kila siku. Mama aliiona kabla yangu. Alikuuliza, ukasema ni kazi. Akanitazama.

Na Ijumaa hukula vizuri nyumbani. Ulikuwa ukimega kidogo, unasema umeshiba, na nguo zako zina harufu ya tangawizi na viazi vya kukaanga vya watu wengine. Ulirudi umechangamka, kisha ukifika mlangoni unakunja uso, unakuwa tena mzee wa kanisa. Niliuona uso huo ukikunjwa, Baba. Nilikuwa dirishani.

Ndipo Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, miezi saba kabla ya kifo chako, nikafunga duka mapema, nikakufuata. Najua ni aibu. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya ua wa jirani, nikakuona ukifika kwenye lango jeusi. Hukubisha. Soja anayelinda lango alifungua mwenyewe, akakuambia, "Mzee, leo umechelewa, unangojewa." Ukacheka naye. Ukapanda ngazi, ukapangusa viatu kwenye mkeka, kushoto na kulia, polepole. Mama amekuomba upanguse viatu tangu nizaliwe.

Hilo la viatu ndilo lililonichoma. Mwanamume hapangusi viatu namna hiyo kwenye nyumba ya mteja. Nikaenda zangu Mutuini, nikamkuta Mama anachambua maharagwe, nikamwambia. Nilimwambia yote: lango, soja, ngazi, mkeka. Sikusema neno mwanamke. Sikuhitaji. Mama hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe mpaka yakaisha, akayaweka jikoni, akasema, "Sasa nimejua."

Tangu siku hiyo hakukupa chai tena kwa mkono wake. Kwa miezi saba chai yako niliileta mimi. Uliipokea, ukaniangalia, ukaangalia mlango wa jikoni, ukanywa. Hukuuliza. Nami nikajiambia, ona, haulizi kwa sababu anajua kosa lake. Kisha Oktoba ukaanguka hapa hapa, presha, ukiwa na mita ya kupimia umeme mkononi, na kabla sijafika hospitalini nawe ulikuwa umekwisha kwenda.

Tulikuzika Mutuini karibu na babu. Mama alisimama kaburini wima, akiangalia watu mmoja mmoja. Wenzako wa kanisa walidhani ni uchungu. Mimi nilijua anamtafuta nani. Anatafuta mwanamke wa Lavington, mwenye viatu vizuri, pengine na mtoto. Hakuja mtu.

Duka nililifungua tena baada ya wiki tatu. Ijumaa ya kwanza, simu ikalia. Sauti ya mwanamume mzee, Mhindi. Akasema, "Fundi iko? Mwambie picha naruka." Nikajua ni mtumishi ametumwa na bibi wa nyumba. Nikamjibu kwa sauti tamu kwamba fundi anakuja sasa hivi. Nikachukua mfuko wako wa vyombo, nikafunga duka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia huyo mama, na mengine hayafai kuandikwa kwenye barua ya mzee wa kanisa.

Soja akanifungulia. Mlangoni alisimama mzee wa Kisikh, kilemba cheupe, mkono mmoja unatetemeka juu ya fimbo. Alitazama nyuma yangu, kama wanavyofanya wote. Akauliza, "Fundi iko wapi? Mimi nangojea Ijumaa tatu. Amekasirika na mimi? Kwa sababu ya vifaru?"

Sikuelewa kitu. Nikamwambia mimi ni binti yake. Nikamwambia fundi amefariki. Nilikuwa nimekuja kuvunja nyumba ya mtu, Baba, na nikajikuta nimemshika mzee wa watu kwa kiwiko ili asianguke. Hakuna mtu aliyekuwa amempa habari. Angepewa na nani, na sisi hatukujua kama yupo?

Jina lake ni Bwana Kartar. Mke wake alishatangulia, watoto wako Kanada, nyumba ina mpishi na soja na yeye. Baadaye aliinuka kwenye kochi, akanionyesha: televisheni, na chini yake mashine ndogo nyeupe na nyekundu, na vidude viwili vya kushika mkononi vimeviringishiwa waya zake vizuri, kwa namna ile ile unavyoviringisha wewe. Akasema ni ya mwanawe, aliileta kutoka Japani akaiacha alipohama. Akasema wewe ulikuja mara ya kwanza kwa sababu picha ilikuwa inaruka, na ulipoituliza ukaketi kidogo uone kama itabaki imetulia. "Akaketi kidogo," akasema, "miaka tano."

Sikumwamini. Nisamehe, ndivyo nilivyo. Mzee wa kanisa la Mutuini, aliyesimama madhabahuni akakemea yule kijana aliyefungua chumba cha gemu pale sokoni, akasema vidude hivyo vinakula akili za watoto, huyo ndiye awe anacheza gemu Lavington na kula viazi? Niliona ni mzee mwenzako anakufichia siri. Wanaume hufichiana. Nikaomba maji ili nichungulie jikoni, nikakuta mpishi mwenye ndevu. Nikaomba msalani ili nitazame vyumba. Hakuna kanga, hakuna kitana cha mwanamke, hakuna chochote. Hata hilo nililishuku: kwa nini pako safi hivi?

Nikarudi Mutuini. Mama aliniuliza kwa macho, nikasema sijapata kitu. Miezi minane tangu tukuzike amekuwa akilala na huyo mwanamke kichwani. Ametoka kwenye chama cha akina mama. Amekataa kuweka msalaba wenye maneno kaburini kwako. Mchungaji alimletea maneno, "mume mpendwa," akamwambia ayarudishe.

Na wiki jana, nikitafuta transfoma ya kutoa kwenye televisheni ya mbao, nikakuta daftari.

Kurasa na kurasa za herufi na namba: R7KD MMQ2. T4KD MPQ9. Kila safu na tarehe, kila tarehe ni Ijumaa. Ukijua jinsi miaka hii ilivyo, mtu akikutwa na daftari kama hilo ataulizwa maswali na polisi mahali pasipo na dirisha. Nikafunga mlango wa duka. Nikafikiria siasa, nikafikiria namba za simu, nikafikiria tena mwanamke. Ndipo nikafungua ukurasa wa katikati, na hapo juu, umepigiwa mstari kwa rula kama unavyoandika kumbukumbu za kikao cha wazee: Gemu Kumi Bora za Mashine Hii.

Baba, nilisoma nimesimama.

Ya kwanza umeweka Mnara. "Mtu anapanda ghorofa kwa ghorofa akitafuta funguo. Hakuna kuua. Ghorofa ikiisha unapewa herufi, unaziandika, na Ijumaa inayofuata unaanzia ulipoachia. Ni mchezo wa mtu mwenye kazi." Nikarudi kwenye zile safu za herufi, nikaanza kuelewa, nikakataa kuelewa.

Ya pili Vifaru: "Wachezaji wawili wanalinda nyumba moja ya matofali. K. ana haraka. Amenipiga mimi mara nne leo, anasema hakuniona." Ya tatu Pikipiki za Matope, na hapo nikakusikia kabisa: "Ukikaza mwendo injini inapata joto inasimama. Hii imetengenezwa na mtu anayejua mashine." Ya nne yale matofali yanayoanguka mtu ayapange: "Inafaa kwa mwenye mpangilio. K. hana mpangilio." Ya sita Sarakasi, mtu amepanda simba anaruka mioto, "lakini simba yule ni mvivu." Ya kumi ile ya kupiga ndege kwa bunduki ya plastiki, na maelezo ni kwamba K. anafumba jicho na kushika pumzi kama yuko mwituni, na kwamba wewe huoni sababu ya kumpiga ndege ambaye hataliwa.

Kwenye ukurasa wa pili umeandika orodha ya Bwana Kartar, kwa sababu mkono wake hauandiki tena. Yeye ya kwanza ni Vifaru. Amesema, nawe umeandika neno kwa neno: "Mnara ni ya mtu moja. Ingine nakaa nangoja." Chini yake umeongeza kwa mwandiko wako, mdogo: "Hoja ina uzito. Tutaijadili." Na kwa Ijumaa thelathini na kitu mmeijadili, Baba, naona tarehe. Hata kanisani hamkuwahi kujadili jambo kwa muda huo.

Mahali pengine umekasirika. Ulinunua mjini kaseti iliyoandikwa gemu sitini na nne kwa moja. Umezicheza zote, ukaandika: "Nimezihesabu. Ni ishirini na tatu. Nyingine ni zile zile zimebadilishwa jina. Muuzaji ameambiwa." Namhurumia muuzaji.

Lakini kuna mstari mmoja ulionishtua. Umeandika gemu ambazo hazifai, na moja ni ya mapovu ya rangi, ya kulinganisha jekundu na jekundu, buluu na buluu. Maelezo yako: "Haiwezekani. Yote ni ya rangi moja." Nikasema, ahaa, nimekushika. Hapa kuna uongo. Mtu aliyecheza kweli angeziona rangi. Huyu ametunga daftari zima ili siku moja likipatikana limfunike.

Unaona binti uliyemzaa.

Ijumaa iliyopita nikaenda Lavington na daftari chini ya koti. Sikumwonyesha Bwana Kartar. Nilimwomba tu awashe mashine. Akasema hawezi, tangu uende haijawaka, picha inaruka. Nikaigeuza televisheni, nikatafuta kile kifundo cha nyuma cha kutuliza picha, nikakizungusha kidogo kidogo. Ikatulia. Na ilipotulia, Baba, ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Nilicheka peke yangu pale chini sakafuni. Mashine ya Japani inasema lugha nyingine na televisheni za kwetu: picha inakimbia, rangi haipatikani, ukiituliza kwa gemu inakuwa haitulii tena kwa taarifa ya habari. Kwa hiyo kila Ijumaa ulikizungusha huku mcheze, na kabla ya kuondoka ulikirudisha kule ili mzee apate habari za jioni. Picha ilikuwa inaruka kweli. Hakuna kipuri kilichohitajika. Miaka mitano umeandika kwenye kadi ukweli mtupu, na kila gemu uliyoipanga kwenye kumi zako ni gemu ambamo rafiki na adui wanajulikana hata wote wakiwa kijivu.

Hapo ndipo nilipotoa daftari. Nikachukua safu ya mwisho kabisa, nikamwomba Bwana Kartar anionyeshe pa kuandika herufi. Akanielekeza, nikaandika mwenyewe. Herufi nane, nikizitafuta kwa kidole gumba cha kushoto, pale pale penye sugu yako. Nikabonyeza. Skrini ikawa tupu kidogo, halafu akatokea mtu mdogo amesimama na ufunguo mkononi, na juu yake imeandikwa ghorofa ya thelathini na saba. Bwana Kartar akasema taratibu, "Hapo ndipo fundi amesimama." Akaniambia ulipokuwa ukicheka, mbwa wa jirani walibweka. Nikakumbuka kwamba siku ile nilipokuvizia nilisikia kicheko cha mwanamume kutoka ndani, kirefu, nikashangaa ni nani. Sikukijua kicheko chako, Baba. Niliishi nawe miaka ishirini na sita.

Ningeishia hapo ningekuwa na barua nzuri. Ningekukemea kidogo kwa unafiki wako wa madhabahuni, nikakutania, nikakuaga. Lakini kuna ukurasa wa mwisho.

Ukurasa wa mwisho hauna herufi za Mnara. Tarehe ni ya mwezi wa nne, majuma machache baada ya mimi kukufuata. Umeandika: "Nyumbani wamejua habari za gemu. Nadhani ni Maitu. Mama yao ameudhika, hanipi chai. Ana haki, nilisema maneno makali kanisani na mimi mwenyewe nacheza. Nikifika ghorofa ya arobaini nitaacha, nitamwomba msamaha."

Nimeusoma mara nyingi kiasi kwamba nimeujua kwa moyo. Ulidhani tumejua gemu. Kwa miezi saba ulikuwa unakunywa chai niliyokuletea ukidhani umeadhibiwa kwa sababu ya kupanda mnara wa kijivu kwenye televisheni ya mtu. Mama alikuwa jikoni akidhani una nyumba ya pili. Mimi nilikuwa katikati na kikombe, nimeridhika na akili zangu. Na Bwana Kartar naye, huko kwake, zile Ijumaa tatu baada ya kifo chako, alikuwa akidhani umenuna kwa sababu amekipiga kifaru chako. Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akauliza.

Nimekuwa nakutafutia kosa hata hapa. Nimejiambia ungesema tu. Wazee wenzako wangekucheka mwezi mmoja, basi. Kama hukuweza kuwaambia wao, je, Mama? Angekutania kidogo, na labda angetaka kuiona. Uliona aibu gani mbele ya mwanamke aliyekufulia soksi? Nilikuwa nimekasirika nawe kweli, na bado nimekasirika kidogo. Lakini wewe ulificha mchezo. Mimi nilitangaza dhambi ambayo sikuiona. Hazilingani.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimwambia Mama. Niliogopa kuliko siku niliyokuzika. Niliketi naye nyuma ya nyumba, nikamweleza kila kitu, mpaka mpishi mwenye ndevu. Alinisikiliza bila kunikata. Alipotaka kuuliza swali aliuliza moja tu, kwa ukali: "Hakuna mwanamke?" Nikasema hakuna. "Umetazama vizuri? Wewe?" Nikasema mimi, Mama, na unanijua. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha nikamsomea ukurasa wa mwisho.

Alisema, "Alidhani mimi ni mtu wa kumnyima chai miezi saba kwa sababu ya mchezo wa watoto?" Alikuwa amekasirika sana, Baba, alikuwa karibu kusimama akutafute. "Alidhani mimi ni mtu wa namna hiyo?" Halafu sauti ikamwishia njiani. Akasema pole pole, "Na mimi nilidhani yeye ni mtu wa..." Hakumaliza. Alijifunika uso kwa lesso yake, na kwa mara ya kwanza tangu ufe, alikulilia.

Nilipiga magoti nikamwambia ni kosa langu, mimi ndiye niliyeleta maneno. Sikusema hivyo nipate kusamehewa, nilisema kwa sababu ni kweli. Akaniwekea mkono kichwani. "Wewe ulileta ulichoona," akasema. "Wa kumuuliza mume wangu nilikuwa mimi."

Jana alimwita mchungaji. Yale maneno ya msalabani ameyakubali, ila amesema aongezewe mstari mmoja, na hataki kuniambia ni upi. Nashuku ni wa kukuomba radhi. Nashuku pia unaweza kuwa wa kukugombeza. Nitauona siku utakapowekwa.

Na kesho ni Ijumaa. Mama ameniambia nimpeleke kwa Bwana Kartar. Amesema hendi kucheza, anakwenda kumshukuru mtu aliyekaa na mumewe. Lakini asubuhi hii, akikamua, aliniuliza ghorofa moja inachukua muda gani. Nimemwambia sijui. Nimemwambia zimebaki tatu kufika arobaini.

Sasa nakuaga, Baba, maana kuna mteja amesimama mlangoni anamtafuta mwanamume. Lala vizuri. Pumzisha hicho kidole. Siahidi kwamba nitaacha kushuku, ningekuwa nakudanganya, na macho haya ni ya mama yako. Naahidi jambo dogo zaidi na gumu zaidi: nikimshuku mtu ninayempenda, nitakwenda nisimame mbele yake nimuulize, angali anaweza kunijibu.

Wako, ambaye hakukuuliza,

Maitu